Cadette na Jina la Kumi na Mbili

Mama Chouchou alilipwa ili agune. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa Kashikishi, upande huu wa Zambia, walipolisikia walicheka hadi wakakohoa, na mimi, mwalimu niliyemaliza miaka thelathini na mmoja mbele ya ubao kule Pweto, nilikuwa mmoja wa waliocheka. Wiki moja baadaye niliajiriwa nimshikie maikrofoni huku anaguna, nikaacha kucheka. Mtu hacheki sahani anayolia chakula.

Jina lake ni Cadette. Alizaliwa Pweto, upande wa Kongo, mtoto wa tatu wa fundi wa nyavu, na alijua kufunga fundo la wavu kabla hajajua kufunga kamba za viatu, kwa kuwa viatu vilichelewa kufika. Akiwa na miaka ishirini na mbili aliolewa na Gustave, mchuuzi wa chumvi na sabuni, mtu mrefu asiyejua kuogelea ambaye alivuka ziwa mara mbili kwa wiki. Nilimfundisha Gustave hesabu darasa la nne. Hakuwa hodari, ila alikuwa na adabu.

Vita vilipotufikia mwaka 2017, watu waliingia botini na kile kilichokuwa mkononi tu. Cadette na binti yao Chouchou walipanda boti ya kwanza. Ikajaa, na Gustave akaambiwa angoje ya pili. Ya pili haikufika. Ziwa lilimtoa siku ya tatu karibu na Puta, na wavuvi wasiomjua wakamzika siku hiyo hiyo kwa heshima zote, wakaweka na jiwe. Cadette alikaa miaka miwili katika makazi ya wakimbizi akilima mihogo, kisha akapata kibali, akaja Kashikishi, akapanga chumba katika ua huu ninaokaa mimi, akarudia kazi ya baba yake. Hushona nyavu pale bandarini, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, na hajui kunyamaza.

Kwetu sisi watu wa ziwa hili, pande zote mbili, mtu akifa jina lake haliingii kaburini. Ndugu wa ukoo wa mama yake huja, huketi juu ya mkeka mpya, hunywa maji, na jina huwa lake. Tunaita ukupyana. Siku hiyo hiyo mjane hufungwa ushanga mweupe mkononi, na kuanzia hapo yuko huru: anaweza kuolewa, anaweza kukataa kuolewa, shauri lake. Kabla ya hapo yeye ni mke wa marehemu, na jina la marehemu haliitwi, kwa sababu hakuna wa kuitika. Nasema jina la nyumbani, lile la mababu. Gustave ni jina la ubatizo. Hilo halirithiwi, na unaweza kulitaja huku unakunywa chai.

Wa kurithi alikuwa François, kaka yake Gustave kwa baba na mama, anayefanya kazi migodini Kolwezi. François aliahidi kuja mwezi ujao. Aliahidi hivyo kwa miaka minane, na kila mara nilimwamini kwa muda wa siku mbili. Wavuvi wengine wakaanza kupita mbele ya ndoo ya Cadette bila kusimama. Walisema wavu uliopita mikononi mwa mjane asiyeachiliwa hauoni samaki. Hiyo ni porojo, lakini porojo nayo hupunguza unga ndani ya chungu. Hata hivyo kilichomuuma zaidi hakikuwa hicho.

"Mwalimu, nimechoka kuwa bibi ya mutu mwenye aiko," aliniambia siku moja, bila kuinua macho kutoka kwenye wavu. "Ninaota niko namuita. Ndani ya ndoto siwezi kumaliza jina."

Nilimwambia François atakuja mwezi ujao.

Aliyekuja alikuwa Chiti. Huyu ni kijana wa Kasama, mwembamba, mwenye miwani na heshima nyingi, mwanafunzi wa chuo kimoja cha Lusaka anayesomea ule udaktari usiotibu mtu. Alitafuta mtu mzima aliyezaliwa ndani ya Kibwile, lugha yetu ya ziwani, mwenye meno yote ya mbele na asiyechoka kusema. Bandari nzima ilimwelekeza kwenye ndoo ya Cadette.

Alichokifuata ni toni. Katika Kibwile, kama katika Kibemba, haitoshi kutamka herufi za neno. Kila silabi ina kimo chake, nyingine juu, nyingine chini, na kimo hicho ni mali ya neno sawa na herufi zake. Kiswahili hakina kitu hicho. Ndiyo sababu Chiti hakutaka kumpa Cadette maagizo kwa Kibemba, lugha yake yeye. Alihofu kwamba Cadette angemwiga bila kujua na vimo vikachanganyika. Alitaka maagizo ya Kiswahili, lugha isiyochafua, na Kiswahili chake mwenyewe kilikuwa cha kununulia samaki tu. Nilikasirika kusikia lugha niliyoifundisha maisha yangu yote ikisifiwa kwa sababu haina ladha. Kisha akataja posho.

Kazi ilikwenda hivi. Chiti ananionyesha neno kwenye karatasi, mimi nalisema kwa Kiswahili, Cadette analisema kwa Kibwile mara tatu. Halafu analisema tena mdomo umefungwa, mm-mm-mm, ili herufi zibaki nyuma ya meno na wimbo wake tu utoke.

"Mwalimu, uyu mutoto ananilipa nigune bule?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Anakulipa ugune sawasawa."

"Bon. Kama ni vile, atakaa hapa muda murefu."

Siku ya tatu Chiti aliazima ubao wangu mdogo ili tuelewe tunachofanya. Mstari wa chini aliandika silabi. Mstari wa juu aliandika toni peke yake, J kwa juu na C kwa chini, kisha akachora vijistari kutoka juu kwenda chini, vingine vimenyooka, vingine vimelala. Nilimwambia kwamba katika shule yangu mtoto aliyechora hivyo alisimama kona. Hakukasirika. Alieleza kwamba zamani wasomi walidhani toni imekaa ndani ya irabu kama rangi ndani ya nguo. Baadaye wakaona kwamba toni ina mstari wake, inaishi huko juu kwa utaratibu wake, na imefungwa tu kwenye silabi zilizo chini.

Cadette aliutazama ubao kwa muda. "Ni wavu," alisema. "Kamba ya yulu na maboya, kamba ya chini na risasi. Hapa katikati, nyuzi."

Chiti alitoa daftari lake. Kisha akaomba ruhusa ya kuliweka hilo katika kazi yake, na Cadette akasema atafikiri.

"Sasa, Ba Mayo," Chiti akaendelea kwa Kibemba, akimwita mama kwa heshima, "mtu akisema haraka, irabu mbili zinagongana na moja inakufa. Toni yake haifi. Inabaki pale juu, haina mwenyewe. Halafu inahamia kwa irabu ya jirani, inakaa pale." Alisema yeye mwenyewe alihitaji mwaka mzima kulikubali jambo hilo, na mwalimu wake alihitaji zaidi.

Cadette alikuwa anakata uzi kwa meno. Alitema kipande. "Ni ukupyana," alisema, na akauliza kama kuna neno lingine au tunaenda kula.

Wiki ya pili tulitoka kwenye toni za maneno tukaingia kwenye kiimbo, yaani wimbo wa usemi mzima. Chiti alitufundisha kwamba sauti ya mtu anayetoa habari huteremka taratibu hadi mwisho, na kila "juu" mpya huwa fupi kidogo kuliko ile iliyotangulia. Sauti ya kumwita mtu wa mbali haifanyi hivyo. Ile haimalizii chini. Inavutwa na kuachwa juu hapo, inangoja. Alikuwa na orodha ya majina ishirini ya watu wa ziwa, na Cadette alitakiwa kuita kila moja mara tatu. Kwa kuwa hakuna anayemwita mtu kwa sauti hiyo kutoka upande wa pili wa meza, tulihamia bandarini, uso kwenye maji.

Bandarini tukamkuta Jairos na nyundo yake.

Jairos anaziba nyufa za boti. Anasokota pamba na nyuzi za nyavu zilizochoka, anazipigilia kati ya mbao, anapaka lami. Ana miaka sitini na kitu na hapendi mtu. Cadette aliita jina la kwanza, na kwenye kompyuta ya Chiti ikaonekana sauti yake na, juu yake, mapigo ya nyundo kama vichwa vya misumari. Nikatumwa nikamwombe mzee apumzike kidogo. Tulisema kwa Kibemba. Hapa nayaweka maneno yake kwa Kiswahili cha darasani, maana ndicho nilichonacho.

"Bashikulu, tunaomba nusu saa ya kimya," nilisema, nikimwita babu. "Kuna kazi ya chuo."

"Boti hii inaingiza maji. Chuo kinaingiza maji?"

"Hapana, mukwai," nilisema, neno letu la heshima na la kuitikia.

"Basi kingoje." Alinitazama juu hadi chini. "Wewe ni mtu wa ukoo gani, unayekuja kuninyamazisha?"

"Mimi ni mtu wa Mvua."

Hapo Jairos alicheka, na mbao zikacheka naye. "Mvua imekuja kumwambia Uyoga anyamaze," alisema. Yeye alikuwa wa ukoo wa Uyoga, bena Bowa. Mvua na Uyoga ni watani tangu ziwa lilipowekwa maji: tunatukanana msibani, tunazikana, na mmoja akichukua kitu cha mwenzake, mwenye kitu haruhusiwi kukasirika. Akanitukana vizuri, nami nikamrudishia. Halafu akatupa nusu saa.

Katika nusu saa hiyo Cadette aliita majina kumi na moja. Aliita kama anavyojua yeye, mkono mmoja kiunoni, na vijana wawili waliokuwa wanatoka kisiwa cha Chisenga na boti ya samaki waliitika kwa bahati mbaya, kila mmoja kwa jina lake. Nikasoma jina la kumi na mbili kwenye karatasi, na nilipolitoa mdomoni nikatamani kulirudisha. Kwenye orodha lilikuwa jina kama mengine, mkoa mzima wa Luapula unalo, ila ndilo lililokuwa jina la nyumbani la Gustave. Cadette alifunga mdomo.

Chiti alidhani amechoka. Akamletea soda. Cadette akainywa yote, akairudisha chupa, akasema, "Ambia Bwana Chiti, majina ingine yote nitaita. Ile ya kumi na mbili, apana."

Nikamweleza Chiti kwa ufupi. Ni Mbemba, hakuhitaji maneno mengi. Aliomba radhi kwa magoti yote mawili, akatia suruali matope. Kisha, kwa kuwa alikuwa msomi na jedwali lake lilikuwa na shimo, akapata wazo. Akaniambia nimwambie Ba Mayo kwamba si lazima alitamke jina. Afunge tu mdomo, aligune. Herufi hazitatoka hata moja.

Cadette alimtazama kama mtoto aliyekosea kujumlisha. "Mwalimu, njo ni yeye alisemaka kama sauti iko na kamba yake, inaishi yenyewe tu. Sasa nikiguna, si nimemuita?"

Nilimfasiria Chiti. Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. "Ni kweli," alisema. "Siwezi kupinga." Nadharia yake mwenyewe ilikuwa imemfungia mlango, na kwa heshima yake naandika kwamba hakujaribu kupita dirishani.

Ila Cadette hakuwa amemaliza. Alikaa juu ya ndoo, akamuuliza Chiti mwenyewe, bila kupitia kwangu. "Ile irabu yenye kufa. Sauti yake inaenda kwa jirani ya mbele. Na kama mbele akuna jirani?"

"Inarudi nyuma, Ba Mayo. Inatafuta kwa jirani wa nyuma."

"Na kama na kule akuna?"

"Inaelea," Chiti alisema, sasa kwa Kibemba. "Iko, lakini haina mahali. Huwezi kuisikia. Tunajua kwamba iko kwa sababu ya toni inayoifuata. Ile inataka kupanda, haifiki. Kitu kinaishusha. Na nyingine zote nyuma yake hazifiki tena pale juu pa kwanza."

Cadette aliweka mikono juu ya magoti. "Ni vile," alisema. "Ni vile kabisa. Miaka munane."

Jairos alianza tena kupiga nyundo, nusu saa ilikuwa imekwisha. Mimi nilihuzunika sana, na pia niliona wivu, kwa sababu katika miaka thelathini na mmoja sijawahi kuchora kitu ubaoni kikamfikia mtu namna ile.

Tukaenda kula. Nilitaka kumchangamsha, basi nikamsimulia jinsi nilivyotukanwa na Jairos, nikamwigiza na kicheko chake: Mvua imekuja kumwambia Uyoga anyamaze. Cadette alikuwa na tonge la ugali mkononi. Lilibaki hapo hapo, katikati ya sahani na mdomo.

"Uyu muzee ni Uyoga?"

"Ndiyo."

"Gustave alikuwa Uyoga."

Najua kwamba msomaji ameshafika. Mimi sikuwa nimefika, na ni mwalimu. Ukoo hauvuki mpaka wala hauna haja ya kuvuka, kwa sababu ulikuwa pande zote mbili kabla ya mpaka kuzaliwa. Mtu wa Uyoga akikosa ndugu wa tumbo, mtu yeyote wa Uyoga ni ndugu. Kila mtu analijua hilo. Lakini macho yetu yote yalikuwa yametazama Kolwezi miaka minane, na ndugu alikuwa hatua arobaini kutoka kwenye ndoo, anapigilia pamba.

Cadette alikwenda kwa Jairos mchana huo huo. Alipiga magoti, akapiga makofi taratibu kama inavyopasa, akaeleza. Nilisimama nyuma yake.

"Mama, nina boti tatu zinazovuja," Jairos alisema, "na wewe unaniletea maiti."

"Ni ndugu yako, bashikulu."

"Sikumjua. Sikuwahi kula naye. Kule kwenu sijafika." Akaokota nyundo.

Hapa ndipo mimi nilipofanya kazi pekee ya maana niliyoifanya mwaka huo. Jairos alipoiweka nyundo chini ili asokote pamba, niliichukua, nikaiweka juu ya gogo, nikaikalia.

"Mwalimu, umekalia nyundo yangu."

"Najua."

"Itakuumiza."

"Inaniumiza tayari."

Mtani huwezi kumkasirikia. Alizunguka gogo mara mbili. Aliita watu wa bandari washuhudie jinsi Mvua ilivyo na akili fupi, na watu wakashuhudia. Mwisho akakaa mchangani mbele ya Cadette, kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine ya kufanya, akamuuliza huyo Gustave alikuwa mtu wa namna gani.

Cadette alimwambia. Alisema alikuwa mrefu na aligonga kichwa kila mlango. Aliimba kanisani kwa sauti ambayo kwaya ilimwomba aipunguze. Alinunua boga moja kila Jumamosi ingawa nyumbani hakuna aliyependa boga. Aliogopa maji, na alivuka kila wiki, na hakumwambia mtu kwamba anaogopa ila yeye. Alieleza habari ya boti ya pili. Aliposema Puta, Jairos aliinua kichwa.

"Kaka yangu mkubwa alipotea majini Chisenga," alisema. "Mwaka wa tisini na nne. Kurithi jina lake kulichukua miaka mitatu, ndugu walikuwa wanagombana. Mama yangu alikuwa anapika huku anautazama mlango." Akakuna mkono uliokuwa na lami. "Huyo kaka yake wa Kolwezi anasemaje?"

Tukampigia François, tukaweka simu kwenye spika juu ya boti iliyopinduliwa.

"Cadette, mwezi wenye kuya niko nafika, kweli ya Mungu," François alisema kabla hajaulizwa.

"François, apana kuya tena. Sikia tu. Tumepata mutu wa kumupyana Gustave. Iko hapa. Ni Uyoga."

"Ni muZambia?"

"Ni Uyoga."

"Mais, Cadette, atumuyui uyu mutu."

"Sauti yenye kukosa mwenyewe inakaa kwa jirani," Cadette alisema. "Aiulizake passeport."

Kisha tukasikia François analia. Alisema siku ile alikuwa Pweto kwa likizo, na ni yeye aliyemwambia Gustave angoje boti ya pili. Alisema kila mwezi alikusanya nauli, na kila mwezi aliliona ziwa akilini, na akairudisha nauli mfukoni. Mtu wa miaka hamsini na mbili alilia juu ya boti ya watu, na sisi tukaangalia miguu yetu. Cadette alimwacha alie, kisha akasema kwa upole kwamba alijua siku nyingi. François akasema oui. Akasema oui tena, na salio likaisha.

"Nipe nyundo yangu," Jairos akaniambia. "Jumanne."

Jumanne asubuhi tulitandika mkeka mpya katika ua wetu. Mzee wa kanisa alikuja, akasema hana neno ila juu ya pombe, na pombe haikuwepo, basi akakaa akala. Jairos alivaa koti. Alinywa maji, akapakwa unga mweupe kwenye paji la uso, akakabidhiwa shoka la Gustave ambalo Cadette alikuwa amelibeba kutoka Pweto likiwa limefungwa katika kitenge. Jina likawa lake. Kisha akafunga ushanga mweupe kwenye mkono wa Cadette kwa vidole vyenye lami, fundo baya sana, na Cadette, fundi wa mafundo, hakuligusa.

"Asubuhi nimepata mke," Jairos alitangaza, "na kabla ya saa nne nimemwachilia. Katika ukoo wetu hakuna aliyefanya kazi haraka hivi." Akaenda kwenye boti zake akiwa bado na unga usoni.

Chiti alikuwa anasafiri Alhamisi. Hakuomba kitu. Alikuwa amekwisha kuandika kwenye jedwali, namba kumi na mbili, "haipo", na alisema ataeleza kwa wakubwa wake kwamba haipo kwa sababu nzuri. Ni Cadette aliyenijia Jumatano baada ya chai. Ushanga ulikuwa mkononi mwake.

"Mwalimu, chukua ile kintu yako ya kushika," alisema. "Ambia Bwana Chiti tunaenda ku maji."

Tulisimama pale pale. Chiti alivaa visikizio vyake. Nyuma yetu nyundo ilikuwa inapiga, na safari hii hakuna aliyenituma kuinyamazisha. Niliinua maikrofoni, nikasoma jina kutoka kwenye karatasi kama utaratibu unavyotaka.

Cadette aliweka mkono kiunoni.

"Cheweee!"

Sauti ilipanda, ikavutwa juu ya maji, na haikushuka. Ilibaki huko juu kama Chiti alivyotuchorea ubaoni, inangoja. Nyuma yetu nyundo ilinyamaza.

"Mukwai?" Jairos aliitika.

Cadette alikaa chini juu ya nyavu za watu akalia kwa sauti, na mimi nililia pia, huku nimeshika maikrofoni kama inavyopasa. Chiti alitazama kompyuta yake. Baadaye alinionyesha: mstari mmoja uliobaki juu, nafasi tupu ndogo, halafu mstari mwingine, mnene, wa chini, ambao kwa sheria za kazi yake ni uchafu na unapaswa kukatwa. Aliniuliza kama aukate. Nilimwambia kisu ni chake, ila mkono ulioshika kisu nitashughulika nao mimi. Katika jedwali lake, mahali pa maelezo, sasa imeandikwa "iliitikwa", na ameniapia kwamba hatalifuta.

Lakini utaratibu ni mara tatu kwa kila jina, na Chiti, masikini, ni mtu wa utaratibu. Alinong'ona kwamba bado mara mbili. Cadette alifuta uso kwa kitenge, akasimama, akaita mara ya pili. "Mukwai!" Jairos alijibu, na safari hii alikuwa na haraka.

Akaita mara ya tatu. Hakuna jibu. Tukasikia hatua mchangani, na Jairos akatokea mwenyewe, nyundo mkononi, pamba begani, amekasirika.

"Nimesikia," alisema. "Unataka nini?"

"Sitaki kitu," Cadette alisema. "Nilikuwa nakuita tu."

Jairos alimtazama, akatazama maikrofoni, akanitazama mimi.

"Haya, ita basi," alisema, akarudi kwenye boti yake.